Ndoo ya Furu Niliyompa Mgogo

Nianze na ujinga wenyewe, maana hapa mtaani kwetu Ng'ambo hata nisiposema mimi utasimuliwa na mtoto wa chekechea. Nilichukua ndoo nzima ya furu, furu za mama, nikaitua miguuni pa Mgogo, nikamwambia, "Haya, shika hongo yako." Kwa mdomo wangu huu huu. Hakunilazimisha mtu.

Mama yangu anauza uji na vitumbua nje ya shule ya msingi. Mimi niko kidato cha tatu, na tangu nianze darasa la kwanza sijawahi kuamka nikamkuta kitandani. Saa kumi alfajiri yeye yuko jikoni anapuliza mkaa, anakohoa. Mwaka huu alikwenda kwenye mafunzo ya wiki moja, wanafundishwa kutengeneza jamu ya matunda ya porini. Akarudi na cheti. Nilimuuliza nani mwenye akili zake timamu atapaka furu kwenye mkate. Akakibandika cheti ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, kimepinda mpaka leo.

Halafu akapeleka kachupa kamoja kwa mwenye duka mmoja wa mtaa wa sokoni, Mhindi ambaye duka lile amelirithi kwa babu yake. Mzee yule akaonja kwa ncha ya kijiko, akaonja tena, akasema: "Mama, niletee kumi na mbili, chupa kubwa za aina moja, Jumatatu. Jumatatu napanga rafu upya. Kumi na mbili zinajaza safu yangu moja pale karibu na mlango. Zikienda vizuri, utaniletea kila mwezi, ya tunda lolote la msimu."

Usiku ule mama alituambia mezani kwamba jamu hata ukiipika saa nne asubuhi haina neno. Alisema hivyo tu. Lakini mimi, pamoja na utani wangu wote, nilielewa. Alitaka kulala.

Basi Jumamosi tukaenda porini familia nzima, yaani mama, bibi, mdogo wangu wa darasa la nne na mimi. Bibi na mdogo wangu walipakiwa kwenye bodaboda. Mama na mimi tukapiga mguu, mwendo wa saa mbili na ushei, njia ya kuelekea Goweko, mpaka mashamba ya tumbaku yakaisha na miti ikaanza. Tulimkuta bibi ameshakaa chini ya mfuru, viatu pembeni, anakula.

"Mume wangu," akaniambia, kwa kuwa bibi zetu hutuita hivyo, "umechelewa, nimeolewa na mwingine."

"Nani?"

"Huyu," akaonyesha mti. "Ananilisha."

Kama huzijui furu, ni tunda dogo kama zeituni, likiiva linakuwa jeusi, tamu, na ndani kokwa moja gumu la kukuvunja jino. Bibi huziita ntalali. Na kuna namna ya kuziokota. Hupandi mti, hutikisi tawi. Iliyoiva inaanguka yenyewe, wewe unainama tu unaokota. Nilipoinama mara ya kumi nikaona huu ni ushamba, nikapanda, nikatikisa. Zikanyesha furu za kijani, kilo na kilo, na moja ikampata bibi utosini.

"Shuka!" mama akapiga kelele. "Hizo mbichi zinatia uchungu sufuria zima. Shuka uzichambue zote."

Nilichambua. Tuliokota tangu jua likiwa upande mpaka likawa kichwani. Mbung'o walituuma juu ya nguo. Mgongo wangu ukafika mahali ukaacha kuuma, ukawa tu haupo. Mama hakunyanyuka hata mara moja kujinyoosha. Alikuwa anasogea vivyo hivyo ameinama, kama mtu aliyedondosha pete. Mdogo wangu alikula mpaka ulimi ukawa mweusi, akalala. Ndoo mbili za lita ishirini zikajaa pomoni, mama akazifunika kwa majani.

Nikasema tuzipakie kwenye bodaboda iliyorudi kumchukua bibi. Mama akakataa. Furu zikirushwarushwa njiani zinapasuka, zikipasuka na jua hili zinachacha kabla hujafika. Za jamu zinabebwa kichwani. Bodaboda ikarudi na bibi na mdogo wangu. Sisi wawili tukajitwisha.

Sitaeleza sana safari ile. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa nachekesha. Nilimwambia mama sisi ni msafara, yeye ni Mwarabu, mimi ni mpagazi, na mpagazi anadai posho. Akacheka kidogo. Baada ya hapo pumzi ya utani ikaniishia. Kata ya kitambaa chini ya ndoo ilikuwa imehama kichwani inanikalia sikioni. Shingo inatetemeka, mkono mmoja umekufa ganzi, nabadilisha, wa pili nao unakufa. Mama nyuma yangu, nasikia kandambili zake tu, pa, pa, pa, hazibadiliki. Nikajiapiza kwamba yeye akitua nami nitatua. Hakutua.

Tukaingia mtaani. Nyumba yetu naiona. Na pale kona, kama siku zote, Mgogo amekaa na sindano yake anashona viatu.

Huyu Mgogo ni fundi viatu, rika la baba, na sisi Wanyamwezi ni watani zake tangu enzi za misafara. Wazee wetu walibeba pembe na vitambaa kutoka hapa mpaka pwani, wakipita Ugogo wanadaiwa hongo, yaani ushuru wa njia, la sivyo hawapiti wala hawanywi maji. Basi mpaka leo yeye akituona anadai hongo, na sisi tunamwita mtumwa wetu, na hakuna anayekasirika. Kumkasirikia mtani hapa kwetu ni aibu kubwa kuliko kuiba. Na kitu ulichokitaja mwenyewe kwa mdomo wako kwamba ni chake, ni chake.

"Shikamoo, mtumwa wetu," nikasema.

"Marahaba, mpagazi! Simama hapo. Unapita nchini kwangu na mzigo hujalipa hongo?"

"Nchi gani, hii fremu ya kupanga?"

"Hii hii. Lakini nakuona unayumba. Mnyamwezi gani huyu anayumba? Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe ndoo ya plastiki inakutoa machozi. Tua basi, mwanangu, tua upumzike, tukucheke vizuri."

Palikuwa na vijana wanne wamekaa pale, na wawili nasoma nao. Nikitua hivi hivi, mpaka namaliza kidato cha nne naitwa Aliyetua. Na kichwa, nakuambia kweli, kilikuwa kimekwisha. Hata hatua ishirini zaidi sikuziona. Kwa hiyo nikafanya kile ninachokifanya siku zote. Nikaitua ndoo kwa madaha, kama mfalme anayetoa zawadi, nikasema yale maneno ya hongo.

Vijana wakaangua kicheko. Shingo yangu ikaelea juu. Raha ile sijawahi kuipata.

Mgogo aliinuka, akafunua majani, akapiga mluzi. Watoto wa kona nzima wakatokea kama walikuwa ardhini. "Kuleni! Wanyamwezi wamelipa!" Mikono ikaingia kwenye ndoo mpaka viwiko.

Mama akafika. Akasimama na ndoo yake kichwani, akatazama.

"Mtani," akasema taratibu, "hizo ni za kazi. Zina mwenyewe mjini. Tafadhali."

"Wanyamwezi wakilia, Wagogo tunashiba!" Mgogo akajibu, na watu wakazidi kucheka.

"Nasema kweli, mtani."

"Na mimi nasema kweli, ni tamu!"

Ubaya wa utani ndio huo. Ukishaanza, hata kweli unayoisema inachekwa. Bibi akatoka nyumbani kwa kelele zile, akauliza nani kazitoa. Wote wakaninyooshea kidole. Bibi akaniangalia, akamgeukia mama: "Kama ametamka mwenyewe, mwanangu, basi tena."

Mama aliishika vizuri ndoo yake kichwani. Alipita.

Jumapili tulipika ile ndoo moja. Tuliziosha, tukazichemsha, tukazisugua kwenye chekeche kutenga makokwa, na kusugua furu kwenye chekeche ni adhabu ambayo walimu wetu bado hawajaigundua, nawaomba wasisome hapa. Nilisugua peke yangu, hakuna aliyeniambia nisugue. Mama akapima rojo, akapima sukari, akakamua ndimu, akakoroga na kukoroga. Kila mara anadondosha tone kwenye sahani baridi, anaiinamisha, tone linateleza, anarudi kukoroga. Jasho linamtoka puani. Nilimwambia apumzike nikoroge mimi, akasema nitaiunguza. Tone lilipogoma kuteleza jua lilikuwa limeshageuka. Tukajaza chupa moto moto.

Mdogo wangu alikuwa ameandika lebo kumi na mbili kwa kalamu ya rangi, kila moja na furu mbili na jani. Alibandika saba. Tano zilizobaki akazikusanya vizuri, akaniuliza azibandike wapi.

Jumatatu nilitoka shule nikamkuta mama ameshavaa gauni la kanisani. Nikabeba boksi. Yule mzee wa duka alikuwa juu ya ngazi, vitu vimezagaa sakafuni, rafu tupu. Akashuka, akahesabu kwa macho.

"Saba, mama?"

"Saba, baba. Hizo tano nitaleta wiki ijayo."

Akafungua moja, akaonja. Alifumba macho kabisa. "Tamu kuliko ile ya kwanza," akasema. "Lakini nitafanyaje? Saba zinaonekana kama zilizobaki. Mteja akiona safu imevunjika anajiuliza imekaa tangu lini. Na nikiweka pengo leo, kuna mtu wa biskuti amesimama hapo nje anaitaka nafasi." Kweli alikuwepo, na toroli lake. "Msimu ujao, mama. Uje mapema." Akalipia ile aliyoifungua, bila kuombwa, akapanda ngazi.

Mama alimshukuru. Tukatoka na boksi la chupa sita.

Hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Mama alikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akavua viatu vya kanisani, akaanza kujikanda vidole. Alikuwa ameamka saa kumi siku ile, na kesho yake ataamka saa kumi. Nikatafuta la kumchekesha. Nilikuwa nalo hata, la yule mtu wa biskuti na toroli lake, zuri tu. Nikalifungulia mdomo, badala yake likatoka lingine.

"Mama, mimi sikuwa natania na Mgogo. Nilikuwa nimechoka. Niliona aibu kutua."

Akavaa kiatu kimoja, akakaa nacho hivyo kidogo, kingine kiko mkononi. Hakuniangalia.

"Ungesema umechoka," akasema, "ningekupokea."