Mzimu Unaoogopa Corona

Mjomba wangu, Papa Kalume, hupanga maboksi kwenye ghala moja huko St Marys, na kanisani ni shemasi. Kabla ya lockdown ya 2021 hakuwahi kutazama futiboli ya Kimarekani. Wiki mbili baada ya sisi kufungiwa ndani hapa ugenini, mtaani kwetu Mount Druitt, tayari alikuwa profesa wake.

"Futiboli gani hii, wanashika na mikono?" alilalamika mwanzoni. Lakini binamu yangu Prince, mwanawe, ambaye shuleni hupiga mpira teke hadi unapotelea mawinguni, alikuwa ametakiwa na chuo kimoja cha Marekani. Masomo bure, kazi yake kupiga mateke tu. Kilichobaki ni ndiyo ya baba.

Basi Papa akakichunguza chuo kama watu waliokuja kuposa. Ukoo gani? Vikombe je? Uwanja unajaa hata wakifungwa? Akaridhika kuwa ni vigogo, kwa sababu eti mashabiki wao hurithishana viti. Mimi nilidhani kigogo ni anayeshinda. Kumbe ni anayesimulia ushindi wa babu yake bila kuchoka!

Siku ya Zoom na kocha wa chuo hicho, Papa alivaa koti na tai, chini, pajama. Kocha akajisifu kwamba timu yao ina "tradition": kila mchezaji hugusa jiwe fulani kabla ya kuingia uwanjani. Prince, mwenye Kiswahili cha kuombea chakula, akatafsiri, "Papa, wana mila ya mababu. Wanagusa jiwe."

Papa akasogelea kamera.

"Ni nani aliwekaka ile jiwe?" Papa akauliza. "Inakulaka nini?"

"Papa, please!"

"Mtoto wangu haendi kwa mizimu. Kwaheri, kocha."

Kidole chake kilikuwa kinatafuta kitufe cha kukata. Prince alikaa kama mtu aliyeachwa na ndege.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Nsimire, mke wa Papa, anayehudumia wazee na siku hizi huosha hata ndizi kwa sabuni. "Na corona hii, timu nzima inagusa jiwe moja? Muulize."

Prince akauliza. Kocha akacheka: mwaka uliopita walikatazwa kuligusa. Lilifunikwa nailoni na kupuliziwa sanitaiza. Na walishinda karibu kila mechi.

Papa akaondoa kidole.

"Walilipulizia?"

"Ndiyo, Papa."

"Sasa mzimu gani unaogopa corona? Hiyo ni jiwe tu." Akanyoosha tai. "Ambia kocha nimekubali. Lakini ukiigusa, unawe mikono."