Mgeni Aliyeomba Jina

Kwa miaka kumi na minane Festus Mukhisa hakutamka neno hata moja la Kirusi mbele ya mtu. Watu wa Misikhu waliamini kwamba ile miaka sita aliyopotea ujanani aliimaliza Kampala akiwa karani, naye hakuwasahihisha. Kampala alikaa siku tatu tu. Kutoka hapo alishika njia ya Juba, Khartoum na Kairo pamoja na vijana wengine waliotafuta elimu kwa mlango wa nyuma, na mwisho wa safari akajikuta Leningrad, mji ambao mto wake huganda mpaka watu wakatembea juu yake. Huko alisoma lugha ya Warusi, historia yao, na vile vitabu vyao vinene ambamo mtu mmoja ana majina matatu na kila jina lina mahali pake.

Aliporudi mwaka 1969, ofisi ya kwanza ilimwambia kwamba shahada yake haisomeki. Ya pili ilimuuliza alifundishwa kufanya nini hasa. Ya tatu haikumuuliza kitu. Iliandika jina lake pembeni. Festus akaelewa kwamba anatiliwa shaka. Akahamia Kitale, akapanga chumba mtaa wa Matisi, akapata kazi ya kuuza vipuri vya trekta katika duka la Madanlal. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 alichoma vitabu vyake vyote nyuma ya jiko, nyumbani Misikhu, akamwambia mkewe Rispah kwamba ni magazeti makuukuu. Rispah aliuona moshi ukipanda tangu asubuhi hadi saa nane, akajua kwamba magazeti hayachomeki hivyo.

Mara moja tu alikaribia kunaswa. Mkulima mmoja wa Endebess, Kemboi, alileta dukani kitabu cha maelekezo ya trekta lililotoka Urusi, akitaka kujua kama kuna anayeweza kukisoma. Festus alikitazama kidogo, akakirudisha akisema hajui maandishi hayo. Kemboi alipotoka, Madanlal alivua miwani.

"Festus, wewe nasema hujui hii maandishi. Lakini macho yako ilitembea mpaka mwisho ya mstari, ikarudi, ikaanza ingine."

"Nilikuwa naangalia picha, mzee."

"Ile ukurasa haina picha." Madanlal alifuta miwani yake kwa shati. "Siku ingine shika kitabu juu chini. Mimi si mtu ya kuuliza."

Februari 1987 mkaza mwana wake Bilha alijifungua mtoto wa kike, na mtoto akakataa kunyonya. Alilia siku tatu, sauti ikapungua ikawa kama ya paka aliyefungiwa mbali. Walimpeleka hospitali ya Lugulu, daktari akampima kila mahali, akamwona hana ugonjwa, akawaonyesha jinsi ya kumdondoshea maziwa kwa kijiko. Maziwa yaliingia upande mmoja wa mdomo yakatokea upande mwingine. Jambo lililomtisha Rispah zaidi ni mikono ya mtoto. Kiangazi kilikuwa kimekausha hata mahindi ya ghalani, jua linawaka tangu asubuhi, na vidole vya yule mtoto vilikuwa baridi kama vimetolewa kisimani.

Ndipo ukoo ukaitwa. Katika nyumba za Wabukusu, mtoto anayelia hivyo ana mtu nyuma yake, marehemu anayetaka jina lake lirudi duniani. Kazi ni kuwataja marehemu mmoja mmoja, mama akiweka ziwa mdomoni mwa mtoto, mpaka litajwe jina analolikubali. Senge Nafuna, shangazi mkongwe wa ukoo, alikaa kitandani karibu na Bilha. Wanaume walikaa nje. Festus naye alikaa nje, chini ya dirisha, kwa sababu baba mkwe haingii chumba cha mkaza mwana wake. Kando yake alikaa binamu yake Wabwile, naibu wa chifu, na daftari lake kwenye mfuko wa koti.

Walitajwa mabibi, wakatajwa babu, akatajwa hata mjomba aliyefia vitani Burma. Mtoto aligeuza uso. Kisha Senge akamuuliza Bilha kama ameota, na Festus akaisikia ndoto hiyo kupitia dirishani.

Bilha alisema kuna bibi mfupi anayekuja kila akifumba macho. Amejifunga shali ya kijivu, na mabegani ana unga mweupe. Haingii. Husimama kizingitini akigonga miguu chini, kwanza huu, halafu ule, kama anakung'uta kitu. Mkononi ameshika kipande cha mkate kidogo, sawa na kipande cha sabuni, na anapoongea maneno hayaeleweki.

Nje wanaume walitikisa vichwa kwa faraja. Unga umekwisha jieleza, wakasema. Ni Mutenyo, dada ya baba yake Festus, aliyekuwa na kinu cha kusaga. Senge akamwita Mutenyo. Akamsifu, akamwomba msamaha kwa kusahauliwa. Mtoto alifumba mdomo, na kilio kikakatika. Hakunyonya, alikuwa amechoka kulia.

Festus aliinuka akaenda kusimama nyuma ya ghala. Yeye peke yake katika boma lile alijua kwamba ule haukuwa unga, ilikuwa theluji.

Bibi yule wa ndotoni aliitwa Varvara, mwalimu wake wa Leningrad. Ndiye aliyemfundisha herufi ya kwanza mpaka vile vitabu vinene, na ndiye aliyemlisha supu alipougua mapafu katika baridi yake ya kwanza. Wakati wa vita, mji wake ulipozingirwa na Wajerumani na chakula kikaisha, binti yake alikufa kwa njaa akingojea kipande cha mkate cha siku. Tangu hapo, kila siku, aliweka kipande kama kile dirishani. Festus, kwa kumwonea huruma, alimweleza kwamba kwao mtu hafi akaisha, jina lake hurudi kwa mtoto. Bibi yule alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamwomba amwekee nafasi. Festus, kijana wa miaka ishirini na mbili, akaahidi. Barua za bibi zilipokuja Kitale zimekwisha funguliwa na watu wasiojulikana, hakuzijibu. Ya mwisho iliandikwa na jirani, ikisema amefariki mwezi wa pili.

Sasa alitazama mbele ya nyumba akaona daftari la Wabwile. Mwaka ule watu walichukuliwa kwa sababu ya kitabu kimoja, kwa sababu ya karatasi iliyookotwa. Kutamka jina la Kirusi mbele ya mtu wa serikali kulikuwa sawa na kujifunga kamba mwenyewe. Akangoja. Alitumaini kusikia kilio tena, apate muda wa kufikiri. Hakikusikika. Alichosikia ni Rispah akisema polepole kwamba mtoto amepoa mpaka miguuni.

Festus alirudi akasimama dirishani.

"Senge, mwite Varvara."

Wabwile aligeuka. "Huyo ni wa nyumba gani?"

"Alinilisha nikiwa mgonjwa. Alikuwa mama yangu huko Urusi."

Rispah ndani alisema, kama anayejisemea, kwamba basi ule moshi wa nyuma ya jiko ulikuwa huo.

Senge Nafuna hakuuliza ukoo. Alijaribu jina mara mbili ulimi ukakwama, mara ya tatu likatoka. Mtoto alifumbua macho. Hakumtazama mama wala Senge. Alitazama mlangoni, kama watoto wa siku chache wasivyoweza kutazama, akafuata kwa macho kitu kinachoingia, kikapita kati ya watu, kikafika kitandani. Harufu ya sufu iliyolowa ilijaa chumbani. Kisha mtoto akashika ziwa.

Wabwile aliandika, akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili yake Festus alichukuliwa hadi ofisi moja isiyo na kibao mjini Bungoma. Waliuliza swali moja kwa siku nne: Varvara ni nani? Alijibu kwamba ni mjukuu wake, na ana umri wa wiki moja. Walimpiga kofi kwa jibu hilo, kisha wakaja naye Misikhu kuhakikisha. Ofisa alikuwa mtu wa Kimilili, kijana mwenye viatu safi. Alimkuta Senge Nafuna uani na mtoto mapajani, akamwambia jina hilo ni la maadui wa nchi, libadilishwe leo.

"Sawa, mwanangu," alisema Senge. "Badilisha wewe. Huyu hapa. Chagua jina, umwite, tuone kama ataendelea kunyonya."

Akamnyooshea mtoto. Ofisa alimtazama, naye mtoto akamtazama vilevile, bila kupepesa. Mkono wa ofisa uliinuka nusu, ukarudi.

"Mimi siwezi, kukhu," alisema kwa sauti ndogo, kwa Kibukusu, akimwita bibi.

Alimfungua Festus pingu pale pale uani. Chai aliyotengewa hakuigusa. Bilha alimpokea mtoto, akageukia ukuta, akamnyonyesha. Walisikia tu mtoto akimeza, kwa haraka, kama mtu aliyekaa na njaa miaka mingi.