Nyegere Usoni mwa Masoudi

Ukitaka kumuudhi Teofili, mwambie kunyoa ni kunyoa tu. Atakutazama kama umemkalia kofia, na siku hiyo povu utapakwa mara moja badala ya mbili. Kwake hiyo ndiyo adhabu kubwa, na wanaomjua wanaiogopa kweli.

Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Nachingwea, ukipita mafundi cherehani. Kina kiti kimoja cha kuzunguka ambacho kwa sasa hakizunguki, kioo, benchi la kusubiria, na taulo zinazofuliwa kila jioni na mkewe Dionisia. Mashine hana. Vijana wanaotaka kuchorwa mistari kichwani huwaelekeza kwa wenzake wa barabarani, tena kwa roho safi. Yeye hunyoa ndevu. Wembe ni mpya kwa kila mteja, brashi huoshwa kwa dawa kila mtu anapoondoka, na mkono wake, sifa hii hajajipa mwenyewe, ni mwepesi.

Alizaliwa Nambambo kwa wakulima wa korosho na mihogo. Kazi hii aliijulia hospitali ya misheni, alipokuwa mfagizi wa wodi. Kulikuwa na bruda mmoja mzee aliyewanyoa wagonjwa wasiojiweza, akamwona kijana yule anasimama na ufagio kila mara kutazama, akamwita. Bruda hakukoroga povu kwenye bakuli. Alipaka sabuni kwenye ndevu zenyewe, akalowesha brashi, akaizungusha shavuni taratibu mpaka povu likainukia pale pale. Alisema ndevu hulainika zikisuguliwa, na mgonjwa naye hulainika pamoja nazo. Teofili ameishika njia hiyo kwa miaka thelathini na mitatu. Povu la bakuli, husema, ni la kupambia keki.

Brashi aliyoachiwa na bruda ilianza kunyonyoka mwaka jana. Mwanzoni ilikuwa unywele mmoja mmoja, ikafika mahali mteja anatoka kanyolewa ndevu zake huku kabandikwa za brashi. Alijaribu ya plastiki kutoka sokoni. Wateja hawakusema kitu, lakini aliwaona wanakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili, akaitupa.

Basi alimpigia simu Fauzia, mwanamke wa Ruangwa mwenye duka la vipodozi na vifaa vya vinyozi, akamwagiza brashi ya nyegere. Si nyegere wetu huyu anayevunja mizinga ya watu na kumtolea macho simba. Ni binamu yake wa nchi za baridi, mwenye manyoya yanayoshika maji kuliko manyoya mengine yote. Fauzia alicheka sana, kisha akaulizia Dar es Salaam. Baada ya mwezi akapiga: zimekuja tatu, mzee aje achague.

Teofili aliacha kunyoa ndevu zake siku tatu, maana brashi ya kupakia usoni hujaribiwa usoni. Akafika Ruangwa na uso umemchakaa, wakati dukani kwa Fauzia watu wakibishana kuhusu mechi ya Namungo ya jana yake. Wakampisha kwenye kioo wakidhani ana msiba.

"Shikamoo mzee Teofili. Hizo hapo," alisema Fauzia. "Zote bei moja, zote nyegere, ndivyo walivyoniambia."

"Marahaba mwanangu. Nipe maji kidogo na kitambaa cheupe."

Brashi ya kwanza ilikuwa ndefu na laini mno. Alipaka sabuni shavuni, akaizungusha, na yenyewe ikalala. Maji yakamtiririka mpaka kifuani, povu hakuna. Ya bakuli hii, akasema, akaiweka kando. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, lakini kidole chake kilisita kwenye ncha, zilikuwa ngumu. Akailowesha, akaisugulia kwenye kitambaa. Kitambaa kikatoka na rangi nyeusi.

"Wameipaka rangi," alisema. "Nyegere hapakwi rangi, anazaliwa nayo. Hii ni ya nguruwe."

Watu wa mpira wakaacha ubishi, wakasogea kutazama. Fauzia, ambaye kwenye duka lake hata mafuta ya kupaka huyasoma kwanza yametengenezwa na nini, alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akaishika ile brashi kwa vidole viwili, akaitoa nje. Aliporudi alishika simu, na aliyempelekea mzigo ule alisikia maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Ya tatu ilikuwa fupi, nene, imejaa, kichwa chake cha mviringo. Teofili aliing'oa unywele mmoja akautazama kwenye mwanga wa mlango: mweupe nchani, mweusi katikati, mweupe tena shinani. Akaisugua kitambaani, kitambaa kikabaki cheupe. Akaipeleka shavuni. Ilisukuma, ikarudi, ikasukuma, haikuchoma wala haikulala, na mara povu likaanza kupanda, zito, mpaka likamfika chini ya jicho. Alifumba macho. Alimkumbuka bruda, na kusema kweli machozi yalimlengalenga mbele ya wale watu wa mpira.

Nyumbani Dionisia aliipokea, akaigeuza geuza. "Baba Kornel, umeichagua hii kwa makini kuliko ulivyonichagua mimi."

"Wewe hukuhitaji kujaribiwa," alijibu Teofili, na chakula cha jioni kikawa kitamu.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Wateja walisinzia kitini. Mmoja aliyekuja kunyolewa Jumatatu alirudi Jumatano na kidevu kitupu, akidai anahisi zinaota. Lakini aliyefurahi kuliko wote alikuwa Masoudi, msimamizi mpya wa ghala la korosho, mtu wa Kilwa, mpole, mwenye ngozi inayotoka vipele kila inapoona wembe. Alikuwa amehamia Nachingwea miezi mitatu tu. Kwa brashi ile vipele havikutoka, akasema hajawahi kunyolewa vile tangu aote ndevu.

Sasa lazima nimtaje Mbaruku, maana yeye ndiye aliyeharibu. Mbaruku anauza mihogo na mbaazi pale sokoni. Ni Mmwera, Teofili ni Mmakua, na babu zao walitaniana kabla yao, kwa hiyo wao ni watani wa kurithi. Hapiti kibandani bila kutukana. Mtani akikutukana hukasiriki, wala hujitetei. Ukijitetea umeshindwa. Unapokea tusi lake, unaliongezea chumvi, unamrudishia. Miaka yote Mbaruku ameapa kwamba hatakalia kile kiti akiwa hai. "Mmakua anishike shingo na wembe? Asubiri nife, ndipo aje aninyoe bure."

Jumatatu ya wiki ya pili Masoudi alikuwa kitini, kafumba macho, uso mweupe kwa povu. Mbaruku akapita na kikapu.

"Waislamu wenzangu!" akapaza sauti. "Mnajua mnapakwa nini? Manyoya ya nguruwe hayo!"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Na Teofili, bila hata kugeuka, akajibu kama alivyojibu siku zote: "Nguruwe kweli, yule aliyekula mihogo ya shamba lako. Nimekulipizia."

Benchi zima likaangua kicheko. Masoudi hakucheka. Alikuwa amemsikia kinyozi, kwa kinywa chake mwenyewe, akikiri. Alifumbua macho, akavua taulo, akaliweka kwenye mkono wa kiti vizuri kabisa, akatoka na povu lake usoni. Teofili alimwita, akamkimbilia mpaka kwa mafundi cherehani, lakini mtu hakugeuka. Jioni habari ilikuwa imeenea kwamba bwana wa ghala amenawa uso mara saba, mara moja kwa udongo, kama mtu aliyeguswa na nguruwe anavyotakiwa.

Wenyeji walijua kuwa ni utani. Lakini kumwona mtu mzima, mcha Mungu, akinawa kwa udongo uani kwake, kuliwatia shaka hata wao. Jumanne walikuja wateja wawili, Wakristo wote. Jumatano hakuja Mwislamu hata mmoja, na wale waliopita walimsalimia Teofili kwa upole wa kupita kiasi. Kwa miaka thelathini na mitatu kiti kile kilikuwa hakiulizi mtu anasali wapi. Katekista alishuka, mwadhini akapanda, na taulo zilikuwa zile zile. Hilo ndilo lililomuuma Teofili. Njaa angeivumilia, ana mikorosho yake Nambambo. Kuonekana kwamba anaweza kumpaka mtu najisi na kumcheka usoni, hilo hakuweza. Usiku huo Dionisia alimkuta ameishika brashi mapajani.

Aliyekosa usingizi zaidi ni Mbaruku. Mtani haombi radhi, haijatokea, na hata angetaka asingejua aanzie wapi. Lakini Alhamisi alikwenda mpaka ghalani, akavua kofia, akamweleza Masoudi yote: Wamwera na Wamakua, mababu, mihogo, kwamba hata shamba lenyewe halikuliwa na nguruwe bali na panya.

Masoudi alimsikiliza mpaka mwisho. "Ndugu yangu, kwetu pia kuna utani. Ila nikuulize. Wewe mwenyewe ukinyolewa pale hupakwa brashi ile ile?"

Mbaruku akaigeuza kofia yake mikononi. Ilibidi aseme kweli, kwamba hajawahi kukikalia kiti kile.

"Umeona," alisema Masoudi, na akarudi kwenye magunia yake.

Ijumaa karibu na adhuhuri, soko limejaa, Mbaruku alikuja bila kikapu. Alisimama mbele ya kibanda akapiga kelele ili mpaka wauza samaki wasikie: "Mmakua! Nimekufa leo! Njoo uninyoe!" Kisha akaketi kitini, akashika mikono ya kile kiti kwa nguvu.

Watu walikusanyika kama kwenye mnada. Teofili alimtazama kwenye kioo, na kwenye kioo mtani wake hakuwa anacheka. Akaelewa. Akamfunga taulo, akalowesha brashi, akaanza kuzungusha. Povu likapanda. Mabega ya Mbaruku yakashuka polepole, mikono ikaachia kiti, na ilipofika raundi ya pili alikoroma kidogo. Watu wakacheka, lakini kwa sauti ya chini, maana shavu la kwanza lilikuwa limeshaanza kupitiwa na wembe.

Masoudi alikuwa nyuma ya wote, amevaa kanzu tayari kwa sala. Watu wakampisha. Alikuja mpaka mezani, akanyoosha mikono kuomba brashi. Teofili akaing'oa unywele mmoja, akaufuta, akampa pamoja nayo. Masoudi akautazama juani muda mrefu.

"Mweupe, mweusi, mweupe," alisema. "Fundi, hii ni ya nani?"

Hapo Mbaruku akafumbua jicho moja. Mdomo wake ulikuwa unacheza, jibu lilishamfika ulimini. Teofili akamwekea wembe juu ya mdomo, kwenye masharubu, akauacha hapo hapo. Jibu likarudi tumboni.

"Ya nyegere," Teofili alisema. Hakutania, na wenyeji hawakuwa wamezoea kumsikia hivyo. "Ya nguruwe niliikuta dukani, nikaikataa. Siwezi kukupaka kitu ambacho dini yako imekikataza, Bwana Masoudi. Ningekuwa naweza, bruda asingeniachia kazi yake. Siku ile nilimjibu mtani, nikasahau kwamba uso wa mtu umo mikononi mwangu. Nisamehe."

Masoudi aliirudisha brashi. "Nyegere sina ugomvi naye," alisema. "Nitanawa kabla ya kusali, kama siku zote. Sala iko karibu, fundi. Kuna nafasi?"

"Ipo," alisema Teofili, akamvua Mbaruku taulo. "Mtani, shuka."

"Nusu uso?" Mbaruku alilia. "Niende wapi na nusu uso?"

"Benchini. Wewe marehemu, una haraka gani?"

Mbaruku akashuka, shavu moja linang'aa na jingine lina povu, akajibana kwenye benchi kati ya watu waliokuwa wakifuta machozi ya kucheka. Teofili aliosha brashi kwa dawa, akaisuuza mara mbili, akachukua taulo jipya. Masoudi aliketi, akapanga kanzu yake, akafumba macho, kisha akainua kidevu.

Teofili alisita kidogo. Koo la mtu, limeachwa wazi hivyo. Akaweka brashi shavuni, akaanza kuzungusha taratibu, na povu likapanda.

Halafu, bila kufumbua macho, midomo ikionekana kwa shida ndani ya weupe ule, mtu wa Kilwa akauliza:

"Fundi, na huyu nyegere mihogo ya Mbaruku hakuila?"

Kicheko kilichotoka sokoni kilifika mpaka kwa mafundi cherehani. Mbaruku aliruka kutoka kwenye benchi akidai kwamba sasa wamekuwa wawili dhidi yake. Teofili alicheka mpaka ikabidi aiondoe brashi usoni mwa mteja, aegemee kioo, ajifute macho kwa kiganja. Kisha akarudi kitini na kumpaka Masoudi povu la pili.