Siku Nilipompima Daktari wa Mawazo

Jamani, hii aibu nimeificha miaka mingi, hata mke wangu alijua nusu tu, lakini leo nawapa yote, na anayetaka kucheka acheke, maana kicheko ndicho kilichonifikisha pale.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa karani wa ghala moja karibu na gati la Kisumu, na nilikuwa na ugonjwa ambao dawa yake haiuzwi dukani: nikiogopa, nacheka. Si kutabasamu, kucheka, mpaka mabega yanaruka. Mlinzi wetu alipofariki (mzee mwema sana, nilimpenda), Bwana Meneja alitusimamisha tukae kimya dakika moja, akanitazama, na mimi nikaangua kicheko mbele ya mjane. Yawa! Niliomba ardhi inimeze na bado nilikuwa nacheka.

Bwana Meneja hakugomba. Alisema polepole, na hiyo ni mbaya zaidi: "Ouma, kuna daktari wa mawazo amerudi kutoka ng'ambo, anakaa Milimani. Jumamosi uende. Jumatatu uniletee barua yake kwamba umeanza matibabu, ama usije kazini kabisa." Na mimi nina watoto wanne, wa tano yuko njiani.

Sasa, sikujua mtu akienda kwa daktari wa mawazo anafanywa nini. Anadungwa sindano ya kichwa? Nikamuuliza jirani yangu pale mtaani Obunga, Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke asiyekosa jibu hata kama hakuna swali.

"Wewe nyamaza tu," akasema. "Mganga wa kweli haulizi. Anakutazama, anakuambia shida yako ni hii na imetoka kwa fulani. Ukimwambia wewe kwanza, utajuaje kama anajua kazi? Na usiende mikono mitupu."

Nikaona mama amesema kweli, maana hata babu zetu walipima waganga hivyo hivyo. Nikaamua sitafungua mdomo. (Uamuzi mdogo tu, ndugu zangu. Mdogo kabisa.)

Jumamosi asubuhi nikavaa koti langu la harusi, nikatia kuku kwenye kikapu, nikamfunika kwa gazeti, nikapanda Milimani kwa miguu. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye miwani, akanikalisha chumba cha mbele nyumbani kwake, mlango wa bustani ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Kikapu nikakisukuma chini ya kiti.

"Karibu, Bwana Ouma," akasema. "Hapa unaweza kusema chochote. Anza popote unapotaka."

Nikajiambia, aha, mjanja huyu, anataka nimsaidie kazi. Nikamtazama. Naye akanitazama. Kumbe na yeye kazi yake ndiyo hiyo, kungoja! Basi tukakaa, yeye ananingoja mimi, mimi namngoja yeye, saa ya ukutani inatembea, jasho linanishuka ndani ya koti la harusi, mpaka nikaanza kumhurumia, nasema moyoni, maskini, masomo yote hayo na bado hajaona kitu.

Ndipo chini ya kiti ikatoka sauti: "Koo-kok."

Daktari akainua kalamu. "Hiyo sauti," akaniuliza kwa upole, "hukujia mara nyingi?"

Ningesema ni kuku, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeapa! Nikatikisa kichwa tu. Kuku akarudia. Daktari akaandika mstari mrefu, na mimi nikaona barua yangu ndiyo hiyo inaandikwa, kwamba Ouma karani analia kama kuku, nikaogopa, na nikiogopa mnajua. Nikacheka. Kuku kusikia kishindo kile akatoboa gazeti, akaruka juu ya meza, akamwaga wino, akatoka mlangoni, na mimi mbio nyuma yake nikicheka mpaka machozi, na daktari nyuma yangu akisema, "Taratibu, Bwana Ouma, hakuna anayekulaumu!"

Kuku akapenya ua wa miti. Na mimi nikapenya. Upande wa pili kulikuwa na watu kama ishirini wamefumba macho, mchungaji anaibariki nyumba mpya, na mwenye nyumba, ambaye niliangukia meza yake ya chai, alikuwa nani? Bwana Meneja mwenyewe.

"Ouma!" akasema. "Haya ndiyo matibabu?"

Watu wote wamefumbua macho, kuku amepanda keki, na mimi niko chini kwenye nyasi nacheka, naona kazi inakwenda hivi hivi nikiangalia. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bwana Meneja, nakuogopa! Nakuogopa tangu siku ya kwanza! Yule mzee sikumcheka, nilimpenda, ni wewe ulinitazama, na mimi nikiogopa nacheka, na nina watoto, na Mama Akinyi ndiye alisema ninyamaze!"

Nikasema yote. Na nikiwa katikati ya kusema, kicheko kikakatika, nikaanza kulia mbele ya mchungaji.

Daktari, mguu mmoja bado umekwama kwenye ua wa miti, akatazama saa yake. "Vizuri sana," akasema. "Sasa tumeanza. Lakini muda wako umekwisha."

Barua niliipata, mistari miwili, kwamba Bwana Ouma amefika na ameanza kuzungumza. Kazi ikabaki. Kuku naye alibaki kwa mke wa Meneja, sikuthubutu kumdai. Nikawa narudi kwa daktari kila Jumamosi, mikono mitupu, nasema mpaka ananinyamazisha yeye, na nimeapa sitapima daktari tena maisha yangu yote. (Mama Akinyi mpaka leo anashikilia kwamba yule alikuwa mganga bandia.)

Miezi miwili ikapita, Bwana Meneja akaniita ofisini, akafunga mlango. Nikahisi mabega yanataka kuanza. Lakini hakunitazama, alitazama dirishani.

"Ouma," akasema chini chini, "yule daktari wako. Mtu akifika pale, anaanza kwa kusema nini?"

"Chochote, Mzee. Ila kuku amwache nyumbani."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mabega yakamruka, anataka kuacha na hawezi, na mimi nikamsogezea kiti akae.