Fundi Asiyemuuliza Dereva

Fundi wetu wa magari hamuulizi dereva kitu. Kila gari likiingia gereji kwake, kwanza huchungulia kiti cha abiria. Mimi nilimpelekea letu abadilishe oili tu. Nikaanza kujieleza, naye akanipita kama anayepita nguzo ya umeme, akafungua mlango wa nyuma alikokaa mama yangu. Akachuchumaa, akafuta mikono kwa kitambaa kile kile kinachozidi kuichafua. "Shikamoo, mama. Humu ndani unasikia nini?"

Nikaduwaa. Mama hajawahi kushika usukani maishani mwake.

"Marahaba. Akikanyaga breki kunalia kama sufuria inayokwanguliwa," mama akasema. "Halafu gari linavuta kushoto. Mimi hushika kiti mapema." Fundi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kiganja chake kimetulia juu ya tairi kama anayepima homa ya mtoto.

Nikamwambia mimi ndiye ninayeliendesha kila siku, na sijasikia chochote.

"Ndiyo maana sikuulizi, bosi. Wewe umeshazoea."

Akapiga jeki, akatoa gurudumu la mbele, akaniwekea mkononi pedi ya breki iliyolika mpaka kwenye chuma. Nikaigeuza huku na huku, nisijue nilikuwa wapi miezi yote hii. "Mama, mbona hukuniambia?"

Fundi akainama ghafla, akaanza kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

"Nilikuambia, mwanangu," mama akasema. "Ukaongeza sauti ya redio."