Niliiba Chachu ya Shangazi Nikiwa Mshauri wa Maadili

Nilinaswa kwa wizi mbele ya watu arobaini, nikiwa nawasomea kanuni inayokataza wizi huohuo.

Kanuni yenyewe niliiandika mimi.

Nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi. Maabara inayobadilisha vinasaba vya vijidudu ili vitengeneze dawa iliniajiri niandike mwongozo wa maadili. Nilijiona nakwenda kuokoa binadamu wote, na vijidudu vyao.

Kifungu cha tatu nilikipenda mno: "Hakuna kiumbe kitakachochukuliwa bila ridhaa ya anayekitunza."

Sasa watafiti walikwama. Hamira zao, ndivyo vijidudu vyenyewe, zilikuwa zinakufa kwenye joto. Nikakumbuka ndoo ya shangazi, inayokaa kando ya tanuri na chachu yake haifi.

Shangazi anaoka mikate ya kuuza. Chachu yake anailisha unga kila asubuhi, mwaka wa ishirini huu, na riziki yake yote imo humo ndooni. Hampi mtu. Hata mama, wifi yake, aliomba akanyimwa.

Nikamtembelea. Alipogeuka kumhudumia mteja, nikachota vijiko viwili.

Fomu ya maabara iliuliza: mtunzaji ameridhia? Nikaweka tiki. Mengine yote nilijaza kwa uaminifu, mpaka rangi ya ndoo.

Chachu ikafanya maajabu. Miezi minane baadaye tukazindua mwongozo, na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamwalika shangazi. Nilitaka anione na suti.

Nilipomaliza kifungu cha tatu, mtafiti akasimama kutoa mfano. "Chachu yetu imetoka kwa muoka mikate mmoja. Ina miaka ishirini, kwenye ndoo ya rangi ya zambarau."

Shangazi akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyo muoka mikate ni nani?"

"Ni... mtu mmoja hivi."

"Mtu mmoja hivi ndiye mimi?"

Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

Bosi wangu akamgeukia shangazi. "Mama, kwani hukuulizwa?"

"Sikuulizwa."

Nikadakia. "Shangazi, ni kwa ajili ya dawa. Nilijua utakubali."

"Wacha hizo. Ungejua nitakubali, ungeuliza. Ulijua nitakataa."

Nikaufunga mwongozo wangu.

Bosi akamuuliza anataka nini.

"Iteketezwe."

Kazi ya miezi minane. Bosi akanitazama. "Kifungu chako kinasemaje?"

Nikaingiza chupa mojamoja kwenye mtambo wa mvuke unaoua vijidudu, kwa mikono yangu mwenyewe. Mtafiti alisimama pembeni kama yuko msibani.

Nilipotoka, shangazi alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Haya. Sasa niulize."

Nikamuuliza pale pale: atatupa chachu kidogo? Nikamweleza itabadilishwa nini, kwa ajili ya nani, na kwamba anaweza kukataa.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nitafikiria."

Hii ni wiki ya sita. Bado anafikiria, na maabara nzima inanisalimia huku imeuma meno.

Lakini nimejifunza kitu, wenzangu. Kama hauko tayari kuambiwa hapana, hujauliza bado. Umetoa taarifa tu.