Mti Uliofunikwa na Shaba

Mwaka wangu wa kwanza London niliuishi ndani ya nyumba moja ya Edmonton, nikimtunza mzee wa Kiingereza aliyepofuka. Kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea kampuni ya utunzaji wa wazee iliyonitoa Nakuru. Nikiachishwa kazi, ningekuwa na wiki chache tu za kutafuta mwajiri mwingine, la sivyo nipande ndege. Kwa hiyo niliogopa kila mtu, hata mleta barua.

Enzi zake mzee alikuwa fundi wa kurekebisha bunduki za kale. Sebuleni alitundika gobore refu la Kimarekani, lenye mti wa rangi ya asali na mistari kama mawimbi, alilolinunua yeye wakati mkewe angali hai. Wageni waliambiwa lina zaidi ya miaka mia mbili. Lakini tangu macho yamwishe, alikuwa akilipapasa na kuguna.

"Kuna kitu vidole vyangu havikipendi," aliniambia. "Niazime macho yako. Uniambie unachokiona, si ninachotaka kusikia."

Jumapili hiyo binti yake alinifuata jikoni. "Baba hana kingine cha kujivunia. Mwambie ni la kweli. Ukimvunja moyo, nitapiga simu ofisini kwenu." Alisema kwa upole tu, huku akikausha kikombe.

Siku tatu nilijifanya nina shughuli. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Siku ya nne, baada ya chai ya saa nne, nilimkuta ameketi na bisibisi mapajani, ananingoja.

Tulililaza gobore mezani juu ya taulo. "Anza na mtutu," akasema. Nikamweleza: chuma cha pembe nane, vishimo vya kutu, na karibu na tundu la moto pameliwa na baruti. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanitaka nifungue kile kisanduku cha shaba kilicho ubavuni mwa kitako, ambamo wawindaji waliweka vitambaa vya kufungia risasi.

"Chini ya shaba mti hubaki mweupe," alinifundisha. "Jasho na moshi havifiki huko."

Nikaiinua shaba. Mti wa chini ulikuwa na rangi ileile ya nje, na shimo lake lilichimbwa kwa miviringo laini, yote sawasawa, kazi ya mashine. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, lakini nilijiona kama niliyefungiwa kwa nje.

"Unaona nini?"

Nikaanza kuokota skrubu mezani.

"Binti yangu amekuambia nini?"

"Mzee, akipiga simu, mimi narudishwa kwetu."

"Na mimi je? Nikae gizani na kitu nisichokijua? Sema."

Nikasema. Mtutu ni wa kale. Mti ni mpya, umepakwa rangi uonekane mzee. Alitia ukucha shimoni, akauzungusha polepole. Mchana ule hakula.

Binti alipiga simu kweli. Nilipoitwa ofisini nilibeba pasipoti kwenye mkoba, nikijua sirudi tena kazini. Meneja akaniambia mzee ametangulia kupiga: wakinibadilisha, anahama kampuni. Nilishukuru hadi machozi yakanitoka. Ndani ya treni ndipo nikaelewa kwamba sasa ni yeye aliyenishika. Ningewezaje kumwacha mtu aliyeniokoa?

Nilikaa naye mwaka na nusu zaidi. Kila nilipoona tangazo la kazi nililifunga kabla sijamaliza kusoma. Binti aliendelea kuja Jumapili, akinisalimia kwa kidevu. Mzee aliniagiza niutenge mtutu na ule mti, akawa anaupaka mtutu mafuta kwa kitambaa na kunisimulia jinsi chuma kile kilivyofuliwa.

Hatimaye nikapata mwajiri mwingine, kule Croydon. Nilimwambia asubuhi moja nikimnyoa. Niliuondoa wembe shingoni mwake. Akainua kidevu ili nimalizie.

"Vizuri," akasema. "Nenda."

Nililia ndani ya basi, kwa furaha, na kwa kuionea aibu furaha hiyo.